Unataka kumpima kocha na wachezaji wa Simba kwa Excel? Soma hapa kwanza

Mkuu simama hapohapo, usibonyeze kitu kwenye hiyo shiti.

Kwa wanaochelewa kuingia, mleta uzi anataka kujua makocha na wachezaji wamechangia kiasi gani kwenye rekodi ya Simba tangu 2017. Kila mechi mstari mmoja, kila kocha na kila mchezaji kolamu yake, akiwepo 1 asipokuwepo 0, halafu Excel ipige regresheni, yaani hesabu ya kukadiria mchango wa kila kolamu, iseme nani kaleta pointi ngapi. Kauliza na data atoe wapi, mechi za CAF aziweke au aziache, Excel au R ile programu ya takwimu. Afu mwishoni kaandika "atakayetoka na sifuri ntajua huyo ni mzigo." Hiyo sentensi ya mwisho ndo imefanya niache chai ipoe.

Hiyo kitu mimi nimeifanya, hivyohivyo ulivyoandika, sema sio kwa Simba. Ni timu yetu ya mtaani hapa Dodoma, ligi ya mkoa, mfadhili mzee mmoja anauza mahindi Kibaigwa, mtu mzuri tu ila akisikia neno "takwimu" anakaa sawa kwenye kiti. Mimi nimetoka kwenye semina ya wikiendi ya uchambuzi wa michezo kwa namba, nina cheti kina muhuri wa dhahabu, nani atanipinga? Nikakusanya karatasi za mechi zote za msimu, nikajaza 1 na 0 mpaka macho yanauma, nikabonyeza.

Namba sita wetu, kiungo mkabaji, akatoka sifuri. Sio sifuri nukta kitu mkuu, SIFURI.

Sasa huyo namba sita ni mtu wa namna gani. Hana goli, hana asisti, soksi zimeshuka muda wote, dakika tisini anapiga kelele "mtu nyuma! mtu nyuma!" mpaka mwamuzi anamwambia apunguze. Hakuwahi kukosa mechi hata moja, hakuumwa, hakupata kadi ya kumfungia, hata siku ya msiba kwao Kondoa alienda kuzika asubuhi mchana yuko uwanjani. Na mimi nikasimama mbele ya kamati na laptop ya kuazima nikasema kitaalamu huyu mchango wake hakuna, hela yake tuiongezee kwenye mkataba wa kocha. Mzee wa mahindi akapiga makofi. Walipiga makofi wote bwana, msije mkaniangushia mimi peke yangu.

Tukamwacha, akachukuliwa na wapinzani wetu wa ligi hiyohiyo. Msimu ukaanza, tukaenda Mpwapwa, mpira mmoja mrefu tu wa kawaida, mabeki wetu wawili wakaurukia wote, wakagongana vichwa puu, mshambuliaji wao akauchukua akaenda nao mpaka golini ANATEMBEA. Hakukimbia mkuu, alikuwa anatembea na anaangalia nyuma kama kuna mtu anakuja. Hakuna wa kusema mtu nyuma. Msimu mzima ukaenda hivyo na daraja tukashuka, na mzee wa mahindi akasema biashara imekuwa ngumu mwaka huu, wakati Kibaigwa malori yamepanga foleni mpaka barabarani.

Sasa sikiliza kwanini ile sifuri ilitokea, hapa ndo pesa ilipo. Jamaa alicheza mechi zote, kwa hiyo kolamu yake ni 1 juu mpaka chini. Regresheni yenyewe tayari ina kolamu ya 1 tupu ndani kwa ndani, ile namba ya kuanzia wanaita konstanti. Excel ikikuta kolamu mbili zinasema kitu kilekile inaitoa moja kimyakimya na mbele ya jina lake inaandika 0. Haikwambii "nimeshindwa kumpima huyu", inaandika 0 kama vile imempima ikamkuta hana kitu. Yote aliyoleta yule mtu yamemezwa kwenye konstanti. Umuhimu wa umeme unaujua siku umekatika, na huyu hakukatika hata siku moja, ungempimaje? Na dalili zilikuwepo, pembeni ya jina lake kwenye t Stat, kolamu ya kuangalia kama namba inaaminika, palikuwa na 65535 na mbele yake #NUM!, alama ya hesabu iliyoshindikana, mimi nikajua kompyuta ya stesheneri imeniambukiza virusi.

Yule bwana wa semina Mungu anamuona. Nusu siku kufundisha, nusu siku picha za pamoja. Kila dakika tano "namba hazidanganyi jamani." Nilimuuliza kabisa, mwalimu sifuri maana yake nini, akanijibu kwa kujiamini na tai yake, "maana yake hana athari." Hajui! Na hela ya semina nililipa kwa kuuza redio.

Na haikuishia hapo. Kocha yule tuliyemuongezea mkataba alikuja dirisha dogo, na kipa wetu mpya naye alikuja dirisha dogo, wiki hiyohiyo. Tangu hapo kila mechi kocha yupo na kipa yupo, kolamu zao pacha. Excel ikampa mmoja sifa zote mwingine 0, na aliyepewa ni kocha. Sasa ile timu kuacha kufungwa hovyo ilikuwa kocha au ni mikono ya kipa? Hapakuwa na namna yoyote ya kujua kwenye ile shiti, hata ungeileta NASA. Sisi tukamlipa kocha, kipa akaondoka kimya kimya, mengine unayajua.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: kabla ya hesabu yoyote tafuta mechi ambazo mmoja yupo na mwenzake hayupo. Hazipo? Hao wawili hawatenganishiki, andika hivyo, funga laptop kalale.

Uzuri Simba yako hizo mechi inazo. Angalia ile miaka minne ya ubingwa mfululizo. 2017/18 imeanza na Omog ikamaliza na Lechantre. 2018/19 Aussems. 2019/20 kaanza Aussems kamaliza Vandenbroeck. 2020/21 kaanza Vandenbroeck, Januari kaenda zake Morocco, kamaliza Gomes. Makocha wanapishana mlangoni na kombe haliondoki, na ndani ya msimu mmoja kikosi ni karibu kilekile. Hapo unaweza ukasema kitu.

Ila 2021/22 usiiguse kwa mkono mtupu. Wachezaji Chama kaenda Berkane, Miquissone kaenda Al Ahly, Gomes mwenyewe Oktoba hayupo, na upande wa pili Yanga ya kocha Nabi imesajili Diarra, Aucho, Bangala, Djuma Shabani na Mayele kwa mpigo, ikachukua ubingwa bila kufungwa. Kila kitu kimehama siku moja! Mtu atakuja na "aliondoka Chama ndo maana", mwambie Chama alirudi Januari 2022 na kombe halikurudi naye. Na watani wasicheke, wao 2023 wameondoka Nabi na Mayele kwa pamoja, mpime mmoja bila mwenzake tuone. Afadhali 2024/25 yao, Gamondi, Ramović, Hamdi, makocha watatu msimu mmoja na bado bingwa, hiyo ndo data.

Hata Wamarekani na ule mpira wao wa kushika kwa mikono wamebishana miaka karibu ishirini, New England Patriots ni ya Belichick kocha au ya Brady mrusha mpira, wameshinda Super Bowl sita pamoja nani atawatenganisha. Kilichosaidia ni kukosekana. 2008 Brady kaumia goti mechi ya kwanza, timu iliyotoka kushinda 16 bila kupoteza kwenye msimu wa kawaida ikashinda 11 ikapoteza 5 na mtu wa benchi, watu wakasema si mnaona, ni kocha. 2020 Brady kahamia Tampa Bay iliyokuwa imeshinda 7 tu, ikashinda 11 na kombe ikabeba, Patriots ya Belichick ikatoka ushindi 12 ikaanguka mpaka 7, watu walewale wakasema si mnaona, ni mchezaji. Ila 2008 kikosi kilichobaki kilikuwa karibu kilekile, 2020 Patriots wachezaji wanane walijitoa sababu ya korona. Kwa hiyo hata mtu akikosekana uangalie na nani mwingine kakosekana naye.

Ulikuwa umeuliza Excel au R? R angalau itakuandikia NA, yaani hakuna jibu, badala ya 0, utashtuka. Mengine uliyouliza watakuja wengine, mimi hapa nina hasira.

Namba sita mwenyewe nilikutana naye Sabasaba, kanishika mkono anacheka, "shikamoo Profesa Sifuri." Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, ningeitikiaje?

Shiti yako ilete hapa kabla hujabonyeza. Sitaki pointi sitaki magoli, nataka majina na mechi alizokosa kila mmoja. Anza na kipa Manula na mabeki Kapombe na Tshabalala, hao ndo watakusumbua.