Nimetolewa tezi ya shingo na Ramadhani yaja: saumu, josho na kidonge cha kila siku

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Ni mama wa miaka 41, niko Lamu. Wiki 3 zilizopita nilifanyiwa operesheni Mombasa, nikatolewa tezi yote ya thairoidi kwa ajili ya rovu lililokuwa likinibana koo. Majibu ya maabara hayakuonyesha saratani. Nimeandikiwa Eltroxin kidonge kimoja kila asubuhi maisha yangu yote, na kalsiamu mara 3 kwa siku. Ramadhani imebaki siku 10. Je, nifunge? Jirani anasema niache vidonge mwezi huu mmoja, ninywe kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qur'ani zilizoandikwa kwenye sahani. Pili, hedhi ilikatika nikiwa bado Mombasa, shingo ina plasta; nilijipangusa mwili kwa kitambaa cha maji nikasali hivyo siku 4, mpaka plasta ilipotoka nikaoga josho, lile la kuosha mwili mzima kwa twahara. Tatu, sauti imekauka, Alhamdu naisikia kwa shida. Na adhuhuri na alasiri ya siku ya operesheni sikusali.

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akuondolee uzito.

Nianze na jirani, maana neno lake ndilo la hatari. Kidonge hicho si cha maumivu, useme yakipoa naacha. Ni homoni ile ile iliyokuwa ikitengenezwa na tezi uliyotolewa, na mwili hauna pengine pa kuipata. Moyo, joto la mwili, tumbo na akili vyote vyaitegemea. Huisha taratibu sana: kila baada ya siku kama 7 hupungua nusu. Ndiyo sababu mtu akisahau siku moja hahisi kitu, na ndipo watu wanapodanganyika. Anayeacha hujiona mzima wiki ya kwanza. Wiki ya 3 au ya 4 baridi humwingia hata kwenye jua la mchana, uso huvimba, choo huwa kigumu, usingizi hauishi, na akiendelea kuacha aweza kufikia kupoteza fahamu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema tufanye dawa, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Kombe halina ubaya, Qur'ani ni shifaa. Linywewe likiandikwa kwa zafarani safi na marashi ya kuliwa, ila lisishike nafasi ya kidonge, wala kidonge kisiteremshwe nalo. Kidonge ni kwa maji matupu.

Sasa saumu. Watu huchanganya vitu viwili hapa, na hukumu zake ni mbali mbali.

Eltroxin peke yake si udhuru wa kula mchana. Ni kidonge kimoja kwa saa 24, kidogo kama punje ya mbaazi, na usiku wa Ramadhani una nafasi yake. Anayetumia hicho tu, na vipimo vyake vimetulia, saumu yamlazimu kama mwengine yeyote.

Kalsiamu ndiyo yenye swali. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyengine 4 ndogo sana zinazolinda kalsiamu ya damu. Daktari huziacha, lakini zikiguswa au damu yake ikipungua hulala kwa siku, wiki, mara nyengine miezi. Kalsiamu ikishuka, dalili ya kwanza ni midomo na ncha za vidole kuchomachoma kama vijisindano, kisha misuli kukaza, na mkono hujikunja wenyewe. Hilo si la kuvumilia mpaka magharibi. Likikupata umefunga, fungua hapo hapo, meza kalsiamu, nenda hospitali. Kufungua kwa kuhofia madhara hayo ni wajibu, si ruhusa tu.

Kwa hivyo wewe ambaye bado u katika kalsiamu mara 3, umo katika aya ya 185 ya Suratul Baqara: mgonjwa ahesabu siku nyengine. Kabla ya mwezi kuandama pimwa kalsiamu ya damu, na umuulize daktari swali moja tu: je, dozi zangu zote zaweza kuingia kati ya magharibi na alfajiri? Akisema ndiyo, na huna dalili, funga. Akisema la, au akisema ngoja, usifunge, na huna dhambi. Siku hizo utalipa baadaye siku kwa siku, bila fidia. Fidia ya kuchelewesha, mudi moja ya chakula kwa kila siku, yaani mchele kama gramu 600 hadi 750, ni ya aliyeacha mpaka Ramadhani ya pili ikamkuta hali aliweza kulipa. Ama wale wachache ambao tezi hizo ndogo haziamki tena, na daktari akathibitisha kuwa hawataweza kukaa mchana bila dozi, hao hulisha maskini mudi kwa kila siku na hawadaiwi kulipa.

Ukiruhusiwa kufunga, mpango wa usiku ni huu. Kalsiamu na Eltroxin hazikai pamoja. Kalsiamu huikamata ile homoni tumboni isiingie kwenye damu. Baina yao ziwe saa 4. Hapa kwetu magharibi ni karibu saa 12 na nusu: futuru kwa tende na maji, kula, na kalsiamu umeze mwanzoni mwa chakula hicho. Maliza kula saa 2 usiku. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu desturi yetu ni kurudi tarawehe na kukaa tena na kaimati na chai ya maziwa mpaka saa 5. Wewe ukirudi tarawehe kunywa maji tu. Saa 5 usiku, tumbo likiwa limekaa tupu saa 3, meza Eltroxin kwa maji ulale. Daku saa 10 kasorobo, na hapo kalsiamu ya pili. Dozi ya tatu ikiwepo, daktari aipange. Mara nyengine huigawanya katika hizo mbili. Miezi ya mbele ukiwa umeachishwa kalsiamu, ni wepesi zaidi: waweza kuamka saa 9, kumeza kidonge, kurudi kulala, na kula daku saa 10. Chai, kahawa chungu na maziwa vingoje saa hiyo moja. Vidonge vya damu vyenye chuma hukumu yake ni kama kalsiamu, saa 4.

Ukibadilisha saa za kumeza, shikamana nazo mwezi mzima, na kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha kama dozi yakutosha, kifanywe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilishwa dozi. Kabla ya hapo hakisemi kweli. Kutolewa damu kwa kipimo hakufunguzi saumu.

Josho. Kwanza ujue kwamba shingo si kiungo cha udhu. Aya ya udhu imetaja uso, mikono, kichwa na miguu. Kupangusa shingo, ambako wengi wetu tumekuzoea, Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, amesema si sunna. Hivyo udhu wako wote tangu siku ile haukuguswa na kidonda.

Josho ndilo jengine, kwani maji yatakiwa yafike mwili mzima na yatiririke. Kitambaa kilicholowa hakioshi, kinapangusa. Kwa hilo josho lako la Mombasa halikutimia, na swala za siku zile 4 zilipe: ni swala 20. Usizibebe zote usiku mmoja. Kila faradhi ya leo iambatanishe na moja ya nyuma, utamaliza kwa siku 4. Na ijapokuwa ulikuwa msafiri, unapozilipa nyumbani zenye rakaa 4 lipa rakaa 4, ndivyo kwa madhehebu yetu ya Kishafii.

Kwa atakayekuwa katika hali hiyo kesho, namna ni hii. Aketi kwenye kibago, amwagiwe maji kwa kata kuanzia mabegani kwenda chini. Kichwa akioshwe na mtu mwengine, maji yakielekezwa nyuma na pembeni, shingo ya mbele ikifunikwa; asiinue kidevu juu sana, mshono huvutika. Kisha kiganja kilicholowa kipite juu ya plasta, na atayamamu kwa ajili ya pale maji yasipofika: mapigo 2, moja la uso, moja la mikono mpaka viwikoni. Atayamamu tena kwa kila faradhi. Kwa madhehebu yetu tayamamu ni kwa udongo wenye vumbi. Mchanga wa ufukweni uliooshwa na bahari usioshika mkononi hautoshi, kwa hivyo anayekwenda kulazwa atie kwenye mkoba kifuko cha udongo mkavu safi.

Limebaki sharti moja la Kishafii: bandeji iwe imefungwa mtu akiwa na twahara, la sivyo alipe swala. Lakini nusu kaputi, dawa ya kulaza, yenyewe huvunja udhu, na plasta ya thieta hubandikwa mtu hajui alipo. Madhehebu ya Mahanafi na Wamaliki hawakuliweka sharti hilo, na mimi naona mgonjwa wa operesheni achukue kauli yao. Ikibadilishwa plasta wodini akiwa na udhu, ni bora zaidi. Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa sahaba Jabir habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, akapata janaba inayolazimu josho, wenzake wakamwambia huna ruhusa ya kutayamamu, akaoga akafa. Mtume akasema wamemuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Sauti. Fatiha ni nguzo, na sharti lake ni mtu ajisikie mwenyewe, kama masikio ni mazima na hakuna kelele. Wewe unajisikia, ijapo kwa shida, swala yasihi. Hata sauti ingekatika kabisa ungetikisa ulimi na midomo kwa kadiri ya uwezo, basi. Usijikamue koo, na minong'ono ya nguvu huchosha zaidi kuliko kusoma kwa sauti ya chini ya kawaida. Mishipa ya fahamu ya sauti hupita ubavuni mwa tezi, ikivutwa tu hulala kisha hurudi kwa wiki au miezi. Kama maji yanakupalia ukinywa, usingoje, nenda kwa daktari wa koo, masikio na pua. Wanaosomesha chuoni wapumzike, wanafunzi wasome wao kwa wao.

Shingo ikikaza, sujudu ni kadiri unavyoweza. Kutoa salamu ni nguzo, kugeuza uso kulia na kushoto ni sunna; toa salamu ukitazama mbele mpaka shingo ilegee.

Swala mbili za siku ya operesheni: aliyezimwa kwa dawa kwa haja ya matibabu ni kama aliyezimia, na swala ambayo wakati wake wote umempita hana fahamu haimlazimu, ila ni sunna kuilipa. Lakini operesheni hii kwa kawaida huchukua muda wa saa 2 au 3, na baada yake ni usingizi wa dawa na kuamka amka. Usingizi haufuti swala. Kama siku hiyo hukuwa katika hedhi, zilipe zote mbili. Mgonjwa anayejua siku yake aweza kukusanya adhuhuri na alasiri. Imam Nawawi amelichagua hilo kwa mgonjwa, japo si kauli mashuhuri ya madhehebu.

Hukuuliza hili, lakini litakuja: dozi ikiwa ndogo kwa mwili wako, hedhi huongezeka wingi na siku. Mpaka siku 15 ni hedhi, hata kama ada yako, yaani siku zako za kawaida, ilikuwa 6, usisali wala usifunge. Ikipita 15 ni istihadha, damu ya maradhi isiyo hedhi: rejea ada yako ya zamani, zilizozidi juu yake ni siku za twahara na swala zake utazilipa, jisafishe, jifunge kitambaa, na udhu kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia. Na hapo usiishie kwa sheikh, nenda ukapime TSH, maana dozi ikisawazishwa mara nyingi damu nayo hurudi mahala pake. Ukishika mimba, mwambie daktari wiki hiyo hiyo. Dozi huhitaji kuongezwa mapema.

Kuhusu uhalali, levothairoksini iliyomo ndani ya Eltroxin hutengenezwa kiwandani. Uko unga wa tezi ya nguruwe uliokuwa ukitumika zamani na bado wauzwa nchi nyengine. Ukiletewa na ndugu kutoka ng'ambo, usome pakiti, na madhali hiki cha kiwandani kipo, huna dharura ya ule.

Vidonge viache ndani ya pakiti yake, visikae jikoni wala dirishani. Joto na unyevu wa huku huviharibu bila kubadilika rangi. Katika nyumba ya mawe, chumba cha ndani ndicho chenye baridi. Mtandio uwe wa pamba, usibane, na pini isikae juu ya mshono. Kovu lifunikwe lisipigwe na jua mwaka huu wa kwanza.

Wallahu aalam.