Jibu: Taitsi za pinki na viatu vya pointi kwa binti mweusi

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 13, anayejifunza baleti hapo London, akubali taitsi (soksi za kubana zinazofika kiunoni) za pinki anazong'ang'aniziwa na mwalimu, na afanyeje na viatu vya pointi, vile vya ncha ngumu vya kusimamia vidole. Asikubali. Ila ukienda kuongea, anza na mstari wa mwili. Pinki iliwekwa ifanane na ngozi ya Mzungu, mguu uonekane mmoja toka nyonga hadi ncha ya kiatu. Kwa binti wa maji ya kunde inafanya kinyume: inaukata mguu na mwili pale pale nyongani. Mwalimu wa baleti hoja hiyo huielewa upesi, ya haki huijia baadaye. Mtajie Dance Theatre of Harlem, kampuni ya baleti ya New York, iliyoanzishwa na Arthur Mitchell na Karel Shook mwaka 1969: taitsi na viatu vya rangi ya ngozi ni kawaida yao tangu miaka ya 1970. Hapo hapo kwenu, Freed, watengenezaji wa viatu vya baleti, walitoa viatu vya pointi vya kahawia na vya rangi ya shaba mwaka 2018 wakishirikiana na Ballet Black, kampuni ya baleti ya London.

Kama kiatu chenye umbo linalomkaa hakipo kwa kahawia, anunue cha pinki kisha mkipake rangi ya ngozi yake. Kiatu kisichomkaa kinaumiza mguu, rangi inarekebishika.

Tafuta fondesheni ya maji isiyong'aa. Ilinganishe na muundi, maana uso mara nyingi una rangi yake. Chovya sponji kidogo sana, gongagonga kwenye satini, acha ikauke kabisa, rudia tabaka jembamba la pili. Riboni na lastiki pia, watu huzisahau. Soli usiiguse, atateleza. Kosa linaloua viatu ni kulowesha: ile sehemu ngumu ya mbele ni tabaka za kitambaa na gundi, ikinywa maji inalegea kabla hajacheza hata siku moja. Hita nayo usiitumie kukaushia. Acha usiku kucha penye hewa. Mwisho nyunyiza poda isiyo na rangi, la sivyo fondesheni itahamia kwenye vazi.

Taitsi nyingi ni za nailoni, na dawa nyingi za kutia rangi pamba huikataa. Nunua iliyoandikwa ya nailoni, na uzitie jozi zote kwa mkupuo mmoja. Za wiki ijayo hazitafanana.

Poda nyeupe usoni ili "wote wafanane" kwenye baleti ya Swan Lake ni habari nyingine, hapo hakuna kubembelezana. Chloé Lopes Gomes, mcheza baleti mweusi aliyekuwa Staatsballett Berlin, kampuni ya baleti ya Ujerumani, alilisema hadharani mwaka 2020, na mwaka uliofuata kampuni ikafikia naye makubaliano.

Akiambiwa "mwili wake haufai", uliza kwa barua pepe: kiungo gani, hatua gani, zoezi gani la kurekebisha? Kasoro ya kweli hujibiwa: nyonga haifunguki vya kutosha, kifundo hakijapata nguvu. Ukijibiwa "umbo tu", itunze barua hiyo, ndiyo ushahidi wako.