Jibu: Zile taa zilizopita mstari mmoja angani

Habari mkuu. Umeuliza kama zile taa kama ishirini zilizopita kimya zimefuatana, kisha zikazimika moja moja katikati ya anga, ni chombo cha viumbe wa nje.

Anza na saa. Kama ilikuwa muda mfupi baada ya magharibi au alfajiri kabla ya macheo, karibu hakika ni satelaiti za Starlink, zile za intaneti za kampuni ya SpaceX. Hurushwa nyingi kwa roketi moja (kundi la Mei 2019 lilikuwa 60) na siku za mwanzo huwa hazijaachana. Huku chini giza limeingia, kule juu jua bado linazipiga. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinapotea. Ndiko kuzimika ulikokuona. Linganisha tarehe, saa na upande zilikotokea kwenye tovuti kama Heavens-Above.

Video ya taa hizo inayosambazwa kwenye kundi la mtandaoni usiitegemee. Kamera ya simu ikishindwa kulenga nukta ya mwanga huivimbisha iwe duara. Ukivuta karibu, sahani hiyo!

Na hilo neno "sahani" lina kisa. Juni 1947 rubani Mmarekani Kenneth Arnold alisema vitu alivyoviona karibu na Mlima Rainier, huko Marekani, vilikwenda kama sahani iliyorushwa ikadunda juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Magazeti yakaandika sahani zirukazo, na wiki zilizofuata watu wakaripoti kuona sahani. Yaani mtu akishasikia au kuona cha mwenzake, naye huona hicho hicho. Kwa hiyo wahoji majirani mmoja mmoja, hasa ambao hawajaiona hiyo video.

Kama taa ilikuwa moja na imetulia, angalia kwanza kama si sayari ya Zuhura.