Mvueni nguo kwanza: kwa mnaoanza kazi idara ya dharura

Wadogo zangu, mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa hospitali iliyozungukwa na mashamba ya nyanya. Jioni moja kijana aliletwa nyuma ya pikapu, shati limelowa dawa ya wadudu iliyomvujia kutoka kwenye bomba la mgongoni. Mate yalimtiririka, kifua kilikoroma, mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Sote tulikimbilia kutafuta mshipa. Hakuna aliyemvua shati. Haikupita nusu saa, muuguzi aliyekuwa amemshika kichwa akaanza kutokwa machozi, kichwa kinamgonga, na maandishi ya kwenye faili hayaoni vizuri. Tukawa na wagonjwa wawili. Wote walipona, lakini yule wa pili tulimtengeneza sisi wenyewe.

Baadaye niliposoma habari za sarini, sumu ya neva iliyotumika kama silaha mjini Tokyo, niliona kosa letu lilelile, kwa ukubwa unaotisha. Tarehe 20 Machi 1995, asubuhi watu wakienda kazini, wafuasi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo waliachia vifurushi vya sarini ndani ya treni 5 za chini ya ardhi. Hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku hiyo, na wengi wao hawakuletwa na ambulensi: walikuja kwa miguu, kwa teksi, kwa magari ya wapita njia, wakiwa na nguo zao zilezile. Taarifa za mwanzo zilitaja kemikali nyingine kabisa. Wagonjwa walipofurika, baadhi walilazwa kwenye kanisa dogo la hospitali, mahali ambapo hewa haikuzunguka vizuri, na mvuke uliokuwa kwenye makoti ukawarudia waliokuwa wakiwahudumia. Kama robo ya wafanyakazi walipata dalili. Kwenye kituo cha Kasumigaseki, mfanyakazi wa reli aliyetoa kifurushi kimoja ndani ya behewa alikufa. Alikuwa anafanya kazi yake tu, anasafisha ili abiria wapite.

Ndiyo maana nawaambia: kabla ya mshipa, kabla ya faili, nguo. Vaeni glavu nene na aproni ya plastiki, maana glavu nyembamba za kawaida dawa hizi huzipenya. Mtoeni mgonjwa nje au penye hewa, kateni nguo kwa mkasi badala ya kuzivutia usoni, zifungeni kwenye mifuko miwili, kisha mwosheni kwa maji mengi na sabuni, nywele na kwapa zisisahauliwe. Kama hapumui, mmoja amsaidie kwa ambu, ule mfuko wa kupumulisha kwa mkono, huku wengine wakivua na kuosha. Mdomo kwa mdomo, hapana.

Mtauliza mkulima wa nyanya na sarini vinakutana wapi. Vinakutana tangu kuzaliwa. Mwaka 1936 mkemia wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa anatafuta dawa ya kuua wadudu alipotengeneza tabuni, na sumu ile ikaanza kumuumiza yeye mwenyewe maabara: macho yakafifia, pumzi ikabana. Jeshi likaichukua. Sarini ikafuata mwaka 1938. Watu huziita gesi za neva, ila kwa joto la kawaida ni vimiminika, na ndiyo sababu hukaa kwenye kitambaa na ngozi.

Kazi ya sumu hizi mwilini ni moja. Neva ikitaka msuli au tezi ifanye kazi, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, halafu kimeng'enya huivunja ili amri ikome. Sumu hii hukifunga kimeng'enya hicho. Amri haikomi. Tezi zinamwaga mate, jasho, machozi na makohozi, mirija ya hewa inabana, tumbo linaendesha, moyo unaweza kupungua kasi, misuli inachezacheza chini ya ngozi kisha inalegea. Degedege linaweza kuingia. Mtu anakufa kwa kukosa pumzi: makohozi yamejaa kifuani, misuli ya kupumulia imeishiwa nguvu, na ubongo nao umeacha kuiamuru.

Sasa atropini, dawa inayoizuia asetilikolini. Hapa wageni wengi hukosea, na mimi nilikosea. Anzeni na miligramu 2 kwa mtu mzima, na kama kifua bado kimelowa baada ya dakika 5, mpeni mara mbili ya kile mlichotoa, na tena, na tena. Msifuate mboni, zinaweza kubaki ndogo kwa muda mrefu. Msiogope moyo kwenda mbio. Sikilizeni mapafu: yakikauka na hewa ikipita, mmefika. Akianza kuweweseka, kupata homa na tumbo kunyamaza, mmezidisha. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza vichupa vyote vya kabati, kwa hiyo vihesabuni mwanzo wa zamu. Degedege dawa yake ni diazepamu. Pralidoksimu, dawa ya kukifungua kimeng'enya, kama ipo, ina saa yake: kwa sarini kimeng'enya hufungika moja kwa moja baada ya saa kadhaa, kwa somani, sumu nyingine ya neva, ni dakika chache tu.

Kuna jambo linaniuma kila ninapowafundisha haya. Sumu ya shambani angalau ililetwa kuokoa nyanya. Sarini ilibaki kwa sababu inaua watu, na inawafuata waliojificha chini, kwani mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Huko Halabja, Machi 1988, ndege za serikali ya Iraki zilimwaga kemikali juu ya mji wa Wakurdi, na familia zilizokimbilia handaki zikafia humo. Ghouta, Syria, Agosti 2013, ikawa vilevile kwa waliokuwa wamejificha mabomu kwenye vyumba vya chini. Mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi ulikuwa umeshaanza kutumika tangu 1997. Sijawahi kumsafisha mgonjwa makohozi yale bila kufikiri kwamba kuna mtu aliketi mezani akapanga yampate mtoto.

Turudi wodini. Kwa sumu za shambani, mgonjwa akizinduka na kuomba uji, msimpeleke kona ya mbali. Kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli inaweza kulegea upya wakati mate yameshakauka na kila mtu ameshatulia, na inaanzia shingoni. Kila mnapopita mwambieni ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, sogezeni ambu na mumwite mtaalamu wa usingizi saa hiyohiyo.