Fremu ndani ya fremu: zimeingiliana au imo?

SWALI: Ninaandaa somo la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kuhusu dirisha lililogawanywa kwa fremu (vipande ambavyo kila kimoja huonyesha ukurasa wake), kisha sehemu yake moja ikagawanywa tena. Niandike "fremu zilizoingiliana", "fremu iliyomo ndani ya fremu", au "fremu mama na fremu mtoto"?

JIBU: "Zilizoingiliana" iache. Kiambishi -an- hapo ni cha kutendeana: hiki kiingie katika kile, na kile katika hiki. Ndiyo maana tunasema ratiba zimeingiliana, tukimaanisha zimegongana. Fremu zako hazigongani. Ya ndani imo katika ya nje, ya nje haimo katika ya ndani, na mwanafunzi akisoma "zilizoingiliana" atadhani kingo zimepandana. Ukifikiria "zilizopachikwa", si kosa, ila mimi ningeiwekea iframe neno hilo, maana yenyewe hupachikwa katikati ya maandishi kama picha.

Chukua "iliyomo". Wapo wanaolalamika kwamba "iliyomo ndani ya" ni kurudia, kwa kuwa -mo tayari inataja undani. Siwaungi mkono, Kiswahili hupenda mkazo wa namna hiyo. Asiyeutaka aandike "iliyomo katika".

Ila kwanza ujue kilichomo ni nini. Tazama:

<frameset cols="25%,75%">
  <frame src="menyu.html">
  <frameset rows="20%,80%">
    <frame src="kichwa.html">
    <frame src="habari.html">
  </frameset>
</frameset>

Dirisha lina safuwima mbili, na ile ya kulia imekatwa safumlalo mbili. Hapa hakuna fremu iliyoingia ndani ya fremu. Iliyoingia ni seti ya fremu (frameset), ndani ya seti nyingine. Kwa hiyo andika "seti ya fremu iliyomo ndani ya seti nyingine". Upatanisho utakusaidia: "seti ya fremu iliyomo" inazungumzia seti, "seti ya fremu zilizomo" inazungumzia fremu zenyewe. Seti zikiwa nyingi msaada huo unapotea, kwani "seti" na "fremu" zote ni za ngeli ya I-ZI, na "seti za fremu zilizomo" inaweza kusomwa kotekote. Hapo vunja sentensi.

Kuhusu mama na mtoto, inategemea umeandika vipi. Ipo njia ya pili ya kupata sura hiyohiyo: ukurasa wa nje una fremu mbili tu, na ile ya kulia inafungua ukurasa mwingine wenye seti yake. Kwa macho huoni tofauti. Bofya kiungo chenye target="_parent" (agizo la kufungua ukurasa mahali pa mama wa fremu) kilichomo katika habari.html, utaiona. Kwa njia ya pili, kinachobadilika ni sehemu ya kulia peke yake, na menyu inabaki; fremu ya kulia kweli ni mama wa zile mbili. Kwa njia ya kwanza dirisha zima linabadilika, sawasawa na ungeandika _top (agizo la kufungua ukurasa katika dirisha zima), kwa sababu fremu zote tatu ni ndugu na mama yao ni dirisha lenyewe. Ukiziita mbili za kulia "watoto wa fremu ya kulia", unamtajia mwanafunzi mama asiyekuwepo, na kiungo kitamfutia menyu bila yeye kujua kwa nini.

Hukuuliza kuhusu nyakati za vitenzi, lakini ziangalie. Seti za fremu zilikuwa halali katika HTML 4.01 ya mwaka 1999; HTML5, iliyopitishwa mwaka 2014, imeziondoa na kuibakiza iframe. Sentensi kama "fremu hutumika kugawa dirisha" inamfanya mwanafunzi aone ni desturi ya leo. Andika "zilitumika". Hiyo hu- ihifadhi kwa vivinjari, ambavyo kurasa hizo za zamani bado huzionyesha.