Mpiga besi aongoze okestra?

SWALI: Shikamoo Mzee. Babu yangu alisoma Yugoslavia, akaniachia santuri ya Zagreb Jazz Quartet, kikundi cha jazi cha watu wanne. Mpiga besi wake ni Miljenko Prohaska, na nasikia alikuja kuwa mtunzi na kiongozi wa okestra. Nami napiga besi kwaya ya kanisani. Wenzangu wanasema mpiga besi kazi yake kufuata tu. Huyu aliwezaje?
Kijana wa besi, Lindi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hao wenzako wangekuwepo Mikindani kwenye harusi moja ya msimu wa korosho, miaka hiyo napiga besi. Waya wangu ulichomoka katikati ya wimbo. Magitaa yakaendelea, mwimbaji hakunyamaza, lakini wachezaji wakaanza kukanyagana miguu. Shangazi wa bwana harusi akaja jukwaani: “Mbona muziki umekonda?” Hakujua besi ni nini, ila alijua imeondoka.

Prohaska alizaliwa mwaka 1925 huko Zagreb, leo mji mkuu wa Kroatia. Leo tunamwita Mkroatia. Kroatia ilijitangazia uhuru kutoka Yugoslavia mwaka 1991, kwa hiyo Yugoslavia ya babu yako usiitafute kwenye ramani mpya. Katika santuri hiyo anayekuvuta sikio kwanza ni Boško Petrović na vibrafoni, ambayo ni marimba yenye vipande vya aluminiamu. Prohaska yuko nyuma, amekumbatia besi la kusimama, lile linalomzidi mtu kimo.

Huko nyuma ndiko alikojifunzia, kwa maoni yangu. Mpiga besi husikia ngoma ikikimbia na piano ikipotea kabla ya mwingine yeyote. Okestra ya jazi aghalabu ina saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, kisha piano, gitaa, besi na ngoma. Prohaska aliongoza ya namna hiyo, ya redio na televisheni ya Zagreb, kwa miaka mingi, akiitungia na kuipangia nyimbo. Hata kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, alisimama mbele ya okestra kuwaongoza waimbaji wa Yugoslavia. Alifariki 2014.

Wewe jifunze nota. Chukua wimbo mmoja wa kwaya, andika sauti zote nne juu ya besi yako, umpelekee mwalimu wenu. Akikucheka, mwandikie mwingine.

Na santuri hiyo usiipige kwa sindano iliyochakaa! Ukipata wa kuinakili, nami nikumbuke.