Binti Ana Mkono wa Kufunga, Ila Mpira Haugusi Mpaka Alhamisi

Mwalimu wa michezo wa shule anayosoma binti yangu alipita barazani kwangu, ninaposhonea nguo, kuchukua gauni lake. Alipomaliza kujipima, akaniambia huku anafungua pochi: "Mama, mwanao ana mkono. Ila hana mazoezi."

Nilijua anachosema. Mwanangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, anacheza netiboli nafasi ya GS, yule anayekaa chini ya goli kungojea mipira aifunge. Mazoezi ya shule ni Jumanne na Alhamisi jioni. Siku nyingine zote mpira ulilala uvunguni pamoja na viatu vilivyokwisha soli.

Mimi mwenyewe nilicheza GD enzi zangu, yule mlinzi anayewazuia wafungaji, na bila shaka tatizo lilianzia hapo. Mwaka 2021 mashindano ya UMISSETA, yale ya shule za sekondari, yalipofanyika hapa Mtwara, yeye akiwa darasa la tano, nilimpeleka kuangalia. Alirudi nyumbani akirusha kila kitu juu, hata maembe. Nikajisemea, hapa nimepata mchezaji. Kumbe mchezo aliupenda kwa namna yake, na mimi nikataka aupende kwa namna yangu.

Nilianza na mdomo. Asubuhi mdomo, jioni mdomo. "Unadhani wenzako wa Masasi na Newala wamelala?" Huyo mtoto wa Newala nilimtaja kila siku hadi nadhani alimchukia bila kumwona. Mdomo ulipogoma nikaja na pesa: magoli 50 kwa siku, shilingi 500. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Wiki ya pili nikashangaa magoli 50 yanaisha kabla chai haijachemka. Wiki ya tatu wateja hawakulipa, sikuwa na mia tano, na yeye hakugusa mpira. Nilikuwa nimemwajiri, na mwajiriwa asiyelipwa hugoma. Wenye uwezo huenda wataniambia wao inawasaidia. Kwangu ilimfundisha mtoto kuhesabu vibaya.

Halafu lile goli. Nilinunua bomba la chuma kwa wauza vyuma chakavu, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwambia anikunjie pete ya nondo "kama mdomo wa ndoo kubwa hivi." Mimi ninayepima watu viuno kutwa nzima! Tukalifukia bomba, tukalimwagia zege, na mtoto akawa anafunga nane kwa kumi. Shuleni, tatu kwa kumi. Akaanza kusema mkono wake umeharibika. Siku moja nikapanda stuli na tepu yangu ya cherehani: pete ilikuwa na upana wa sentimita 46, na kutoka chini mpaka juu hazikufika hata mita tatu. Pete halali ni sentimita 38 kwa ndani, imesimama mita 3.05 kutoka ardhini, na inajitokeza sentimita 15 kutoka kwenye nguzo. Tepu ya fundi nguo ina mita moja na nusu, kwa hiyo kimo cha goli ni tepu mbili na sentimita tano. Likumbuke hilo kabla hujaenda kwa fundi, maana goli la uongo nyumbani linamvunja moyo mtoto kuliko kukosa goli kabisa. Fundi alinirekebishia, akanicheka, akanitoza upya.

Mpira usikusumbue. Kama hamna wa netiboli, wa miguu saizi 5 unatosha kwa mazoezi ya nyumbani. Wa netiboli una mzunguko wa sentimita 69 hadi 71 na uzito wa gramu 400 hadi 450, na wa miguu hauko mbali na hapo. Ila usiwe umechunika mpaka unateleza mkononi.

Goli likawa sahihi na bado hakufanya mazoezi. Jibu nililipata bila kulitafuta. Nilikuwa nampindia sketi, yeye amesimama juu ya kigoda, mimi nimejaza pini mdomoni, siwezi kusema. Nadhani ndiyo sababu akasema yeye. "Mama, mimi napenda kufunga. Ila nikikosa, unaguna."

Nikatoa pini. "Nagunaje?"

Akaniigiza. Mguno mfupi, wa puani, ule wa mama yangu alipoonja mchuzi usio na chumvi. Ulikuwa wangu kabisa.

Sasa fikiria. Shuleni akikosa, kuna wenzake kumi wanaokosa pia. Nyumbani yuko peke yake uwanjani, na jaji amekaa barazani. Mtoto wa umri huo mwili wenyewe unamchezea: mikono imerefuka ndani ya miezi michache, mpira uliokuwa unaingia sasa unapita juu. Anajiona amerudi nyuma, na kuna mtu anaguna. Hata mimi ningeuficha uvunguni. Tunawaita wavivu, kumbe wanakwepa kuonekana wakikosea.

Nilichofanya ni kuigeuza cherehani. Ilikuwa inatazama uani, nikaigeuza itazame barabarani, mgongo wangu kwa goli. Sikutangaza chochote. Siku tatu kimya. Ya nne nikasikia mpira.

Goli letu halina wavu, kwa hiyo mpira ukiingia vizuri husikii kitu juu. Unasikia "pu" kwenye mchanga tu. Ukikosa, nondo inalia. Nikajifunza kusikiliza huku nashona: ngaa, ngaa, pu. Ngaa, pu, pu. Sikugeuka. Shingo iliniuma, lakini sikugeuka.

Jambo la pili nitalisema bila kulipaka sukari, hasa kwa kina mama wenzangu. Binti anatoka shule saa tisa au kumi, anachota maji, anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, anaanza kupika, halafu saa moja usiku tunamuuliza mbona hujafanya mazoezi. Muda hana. Kaka yake wa miaka 12 muda huo yuko kiwanjani toka alasiri na hakuna anayemuuliza kitu. Nikagawa upya: vyombo vya jioni ni vya kaka. Alinuna wiki nzima. Jirani naye akaja kuniuliza kama nimeishiwa watoto wa kike wa kufanya kazi, na huyo binti wa kuruka na hijabu ataolewa na nani. Nikamwambia akikosa mume atakuwa na bega zuri.

Cha ajabu, huyo kaka ndiye aliyekuja kuwa msaada mkubwa. Kanuni inasema mpinzani akae angalau sentimita 90 kutoka kwa mfungaji kabla hajanyoosha mikono, na mfungaji asishike mpira zaidi ya sekunde tatu. Basi kaka akasimama hapo na ule ufagio mrefu wa kuondolea utando, ameuinua juu, anahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu. Msimu ule tulikuwa na korosho ghafi chache ndani, wakaweka makopo mawili: kila mpira ukiingia korosho inahamia kopo la dada, ukikosa inahamia la kaka. Mwisho wa siku mwenye chache anafagia uwanja. Niliposikia wanagombana kuhusu korosho moja nikajua kazi imeisha kwangu. Mtoto anayebishania hesabu hasukumwi tena.

Muda wenyewe ni mfupi. Dakika kumi, kumi na tano. Anaanza karibu, hatua moja kutoka kwenye nguzo, ndipo anarudi nyuma. Mwanzoni alikuwa anakimbilia mwisho wa duara la kufungia, mita 4.9 kutoka golini, kwa sababu ndiko kunakopendeza machoni; na mtoto akikosa mara kumi mfululizo ataingia ndani. Ramadhani tulihamishia baada ya futari, balbu ya uani ikiwa imewashwa, kwa sababu kumrusharusha mtoto aliyefunga kwenye jua la Mtwara si mazoezi. Siku zake za mwezi akisema leo hapana, ni hapana, siulizi mara mbili.

Na upepo. Mashindano ya shule huangukia mwezi wa sita, kusi ikiwa imeshika kasi, na viwanja vyetu viko wazi. Mwaka wa kwanza alikuwa anaingia ndani upepo ukianza. Kisha akaona kwenye simu ya mjomba wake Mwawi Kumwenda wa Malawi, GS aliyefika mpaka timu ya Melbourne Vixens huko Australia, anavyouachia mpira juu kabisa, mkono umenyooka. Alirudia kipande hicho hadi bando la mjomba likaisha. Kesho yake alitoka kwenye kusi kwa hiari yake. Sikuhusika kwa lolote, na nakiri kiliniuma kidogo.

Juzi, jioni, mpira ukanyamaza ghafla. Nikadhani amechoka. Kisha nikamsikia nyuma yangu: "Mama, kaka kaenda dukani. Njoo unikinge."

Nikafunga kanga vizuri, nikatoka. Nikapima hatua yangu, sentimita 90, nikainua mkono wa GD wa miaka ishirini iliyopita. Akatazama pete, akapiga. Ngaa.

Nikaubana mdomo. Mguno ulikuwa umefika puani kabisa.

Aliokota mpira, akanitazama usoni kwanza, kisha akacheka. "Nyoosha mkono, mama. Bado."